SINDANO YA MGONGO: PRESHA ISIMSHUKE MAMA MEZANI

Wadau, tangu daraja la Mto Kilombero lifunguliwe 2018, mama wa huku Lupiro anayepelekwa Ifakara kwa operesheni hasubiri tena kivuko. Lakini woga wa sindano ya mgongo bado upo palepale. Dada yangu alichomwa, na baada ya dakika chache akaona kizunguzungu na kichefuchefu, akajua ndo basi tena. Kumbe presha ilikuwa inashuka. Ikarudishwa, mtoto akatoka salama.

Inakuwaje? Dawa, mara nyingi bupivakaini, inatia ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, mama yuko macho. Ila inazima pia neva zinazobana mishipa ya damu. Mishipa inatanuka, damu inatuama miguuni. Akilala chali, mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Presha ikishuka sana, mtoto naye anapungukiwa oksijeni.

Kinga yake ni hii:

1. Presha ipimwe kabla ya sindano, halafu kila dakika mpaka mtoto atoke.

2. Dripu ikimbizwe wakati uleule wa sindano. Maji peke yake hayatoshi.

3. Mama aegemezwe upande wa kushoto. Hata shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia linasaidia.

4. Dawa ya kubana mishipa iwe tayari kwenye bomba. Mwongozo wa wataalamu wa kimataifa wa 2018 unapendekeza fenilefrini, ianze mara tu baada ya sindano, bila kungoja presha ianguke. Efedrini nayo inatumika. Presha ya juu isipungue asilimia 90 ya ile ya mwanzo: aliyeanza na 120 abaki kwenye 108 au zaidi.

Msidhani haya ni ya Muhimbili tu. Kuanzia 2009 kituo cha mafunzo cha TTCIH, palepale Ifakara, kilifundisha timu za vituo vya afya vya vijijini kwa miezi 3: madaktari wasaidizi upasuaji, wauguzi utoaji wa ganzi na usingizi.

Kina dada, msijikaze kimya mezani. Kizunguzungu, kichefuchefu, pumzi kuwa nzito, sema hapohapo. Na kama mama alishapoteza damu nyingi, ndugu mwambieni mtaalamu mapema, maana sindano hii inaweza isimfae.

Mliopitia, karibuni mtupe uzoefu hapo chini.