Qui, Que na Amba-: Historia ya Urejeshi Kutoka Port-Royal Hadi Sirisia

Sentensi ya Kiswahili "mwindaji aliyemwona simba" ina maana mbili. Yumkini mwindaji ndiye aliyeona, na simba ndiye aliyeonwa. Yumkini mambo yalikuwa kinyume, na katika hali hiyo mwindaji yumo hatarini bila yeye mwenyewe kujua. Kwa kuwa mwindaji na simba wote huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza, na kwa kuwa kitenzi kirejeshi cha Kiswahili hukiruhusu kiima chake kukaa nyuma yake, umbo la kitenzi halitoi fununu yoyote. Kifaransa huimaliza hatari hiyo kwa irabu moja tu: "le chasseur qui a vu le lion" ni yule aliyeona, "le chasseur qu'a vu le lion" ni yule aliyeonwa. Kile cha kwanza, qui, ni cha kiima. Cha pili, que, ni cha yambwa.

Makala haya yanadhamiria kufuatilia jinsi dhana ya "kiwakilishi rejeshi", iliyokomazwa katika sarufi za Ulaya, ilivyoingia katika maelezo ya Kiswahili, na jinsi ilivyoficha jambo ambalo mwanafunzi wa Sirisia, magharibi ya Bungoma, hulijua tangu utotoni. Hoja kuu ni kwamba mpaka kati ya qui na que, ambao huwatatiza wanafunzi wengi wa Kifaransa, umo tayari ndani ya Lubukusu. Haumo katika urejeshi wa Kiswahili wa kuambatishwa, wala hauonekani vizuri katika Kiingereza, yaani lugha mbili ambazo shule humpitisha mwanafunzi huyo kabla ya kumfikisha katika Kifaransa.

Yafaa kuanza na Wafaransa wenyewe. Mwaka 1647 Vaugelas alichapisha maoni yake juu ya matumizi bora ya Kifaransa, na miongoni mwa kanuni alizozitetea ni ile iliyokataza kirejeshi kufuata nomino isiyo na kibainishi. Miaka kumi na mitatu baadaye, 1660, Antoine Arnauld na Claude Lancelot walitoa sarufi ya Port-Royal, wakaichukua kanuni hiyo na kuitafutia sababu katika mantiki. Kwa mujibu wao, kirejeshi kina kazi mbili kwa wakati mmoja: husimama mahali pa nomino kama viwakilishi vingine, na huunganisha sentensi moja na nyingine. Hata kivumishi cha kawaida kilichoandamana na nomino waliweza kukiona kama sentensi ndogo iliyomezwa, ambayo kirejeshi kingeweza kuidhihirisha tena.

Wazo hili la kazi mbili lina nguvu, na halijazeeka. Tatizo ni jina. Kwa kuwa kazi ya kwanza ndiyo iliyotangulia kutajwa, neno "kiwakilishi" lilishika, na kazi ya pili ikabaki kama nyongeza. Katika karne ya ishirini wanaisimu walirudi kuuliza iwapo que ni kiwakilishi hata kidogo. Richard Kayne, katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu que rejeshi, alishikilia kwamba neno hilo ni kiunganishi kilekile kinachotangulia kishazi tegemezi baada ya vitenzi vya kusema na kudhani. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushtushwa na dai hilo, kwani lugha yake inayo kesi ya namna hiyohiyo, kama itakavyoonekana hapa chini.

Wamisionari waliokuja pwani ya Afrika Mashariki walibeba mizigo ya sarufi za Kilatini na za lugha zao. Krapf alichapisha muhtasari wake wa Kiswahili mwaka 1850. Steere akafuata na kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Padre Charles Sacleux, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo katika miongo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, alitoa sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikaanza kutoka mwaka 1939. Thamani ya Sacleux kwa mada hii ni kwamba aliziweka lahaja bega kwa bega, badala ya kuifanya moja kuwa kipimo cha nyingine. Ni bahati mbaya kwamba vitabu vyake husomwa na wachache mno katika idara zetu, kwa sababu tu vimeandikwa kwa Kifaransa.

Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930, sarufi iliyotawala madarasa ikawa ile ya Ethel Ashton ya mwaka 1944. Ashton aliona mbali. Badala ya kuishia kwenye kiwakilishi, alizungumzia "-o" ya urejelezi, akaonyesha kwamba kipashio kilekile kilichomo katika "kilichoanguka" kimo pia katika "hicho", "nacho", "ndicho" na "chochote". Kwa maneno mengine, kinachoitwa kirejeshi ni tawi moja la mti mkubwa zaidi, mti wa kuonyesha kwamba jambo limekwisha kutajwa au linajulikana. Ikumbukwe kwamba Kiswahili hakina vibainishi kama vya Kifaransa. Kanuni ya Vaugelas isingeweza hata kutamkwa kwa Kiswahili, kwa sababu "-o" yenyewe hufanya sehemu ya kazi ambayo Kifaransa humpa kibainishi. Mwaka 1965 Alfons Loogman, padre wa shirika lilelile la Sacleux aliyefundisha Chuo Kikuu cha Duquesne huko Marekani, alikwenda mbali zaidi katika kukataa kuvika sarufi ya Kiswahili nguo zilizoshonwa Ulaya. Vitabu vya shule havikumfuata. Viliendelea na jedwali la viwakilishi, na mwanafunzi akakariri ye, o, yo, lo, cho, vyo kana kwamba ni maneno.

Ndani ya jedwali hilo amba- ilipata hadhi kubwa kuliko umri wake. Asili yake ni kitenzi cha kusema, ambacho bado kimo katika "kwamba". Hapa ndipo Kiswahili na Kifaransa hukutana bila kuazimana: que ya kurejesha na que ya kuunganisha zina umbo moja, amba- ya kurejesha na kwamba ya kuunganisha zina shina moja. Tofauti ni kwamba amba- hubeba mkiani alama ya ngeli, ilhali que haipatani na chochote. Amba- hukaa nje ya kitenzi, na kwa hiyo hukubali nyakati na hali ambazo kitenzi kirejeshi huzikataa. Mtu husema "ambaye hajafika", kwa kuwa "asiyefika" hakina ile maana ya kungoja iliyomo katika "-ja-". Aidha, amba- huondoa utata ulioanzisha makala haya, kwa kuwa "mwindaji ambaye simba alimwona" humrudisha kiima mbele ya kitenzi chake.

Wahakiki wa mtindo wamezoea kuilaumu amba-. Husemwa kwamba ni harufu ya tafsiri, kwamba mwandishi aliyefikiri kwa Kiingereza ndiye anayeitapanya, na kwamba mweledi wa lugha husema "asemaye" pale mgeni anaposema "mtu ambaye anasema". Kwa upande wa ushairi lawama hiyo ina msingi wa hesabu. Katika kipande cha mizani nane, "ambaye amesafiri" hukijaza chote. "Aliyesafiri" huchukua mizani sita na kumwachia mtunzi mbili. "Asafiriye" huchukua tano, na juu ya hayo hutoa kina cha "-ye". Si ajabu basi kwamba watunzi wa mashairi ya arudhi waliishikilia "-o" ya kuambatishwa, na kwamba nathari ya Shaaban Robert, aliyekuwa mshairi kabla ya yote, inaipenda mno ile "-ye" ya mwishoni mwa kitenzi.

Lakini hesabu ya mizani si hukumu juu ya nathari, sembuse juu ya asili ya mwandishi. Mfano wa Lubumbashi unatosha kuonya. Huko Kiswahili kiliishi karibu na Kifaransa cha shule na ofisi kwa muda mrefu, na urejeshi wa mazungumzo uliihama "-o" ya kuambatishwa na kujijenga kwa kionyeshi cha "-le": mutu ule, bantu bale. Wasemaji hawakuazima qui wala que. Walichukua neno huru lililokuwa tayari mdomoni mwao. Neno huru la kurejesha, basi, si lazima liwe mtoto wa Ulaya.

Hoja hii inaturejesha Sirisia. Eneo hilo liko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Uganda, na Lubukusu ndiyo lugha ya nyumbani ya wengi, ingawa Wasabaot na Wateso ni majirani wa siku nyingi. Upande wa pili wa mlima, Kitale, lugha hizo hukutana tena pamoja na nyingine nyingi. Katika Lubukusu kishazi rejeshi cha kiima huundwa kwa kiambishi kinachotangulia kile cha kiima, hivi kwamba katika ngeli ya watu wengi "ba" husikika mara mbili mwanzoni mwa kitenzi: "babandu babatima", watu waliokimbia. Yambwa inaporejeshwa, kiambishi hicho hakitumiki. Panakuja neno huru, "nibo", na kiima hubaki mahali pake mbele ya kitenzi: "babandu nibo Wafula abona", watu ambao Wafula aliwaona. Neno hilo la pili hubadilika kwa ngeli. La kitabu ni "nisyo". Umbo lake halina budi kumkumbusha msomaji "ndio" na "ndicho" za Kiswahili.

Maana ya jambo hili kwa historia ya ufundishaji ni nzito. Mbukusu hana haja ya kufundishwa kwamba kiima na yambwa hurejeshwa kwa njia mbili. Huo ndio mpaka wa qui na que, uliochorwa kwa zana nyingine. Walakini ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipopendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya kwanza ya msingi, iliipa lugha hiyo kazi ya kuanzisha kusoma, si kazi ya kulinganisha sarufi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, hatua iliyostahili kupongezwa, na Kifaransa kikabaki somo la hiari la sekondari. Mwanafunzi aliyekichagua alifika kwenye qui akiwa ameshika mkononi maneno ya Kiingereza, ambayo humtenga mtu na kitu badala ya kutenga kiima na yambwa. Kosa linalotokana na hapo linajulikana sana na walimu wa Kifaransa: qui huwekwa kwa watu, que kwa vitu, pasipo kuangalia nani anatenda. Kosa hilo halikutoka nyumbani kwa Wafula. Alilifundishwa njiani.

Hapo ndipo pia lawama juu ya amba- inapohitaji kupimwa upya. Mwandishi aliyelelewa kwa Lubukusu anaposema "kitabu ambacho Wafula alisoma", huenda hatafsiri Kiingereza. Huenda anaandika "nisyo" kwa herufi za Kiswahili. Kuna haja ya kuisoma kwa jicho hili nathari ya waandishi wa nyanda hizo, ikiwemo ile ya Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, ambaye katika Siku Njema (1996) anampeleka msimulizi wake safari ndefu hadi Kitale. Mhakiki atakayehesabu amba- za vitabu hivyo na abainishe ni ngapi zinarejesha yambwa na ngapi kiima, kabla ya kutaja uzungu.

Lipo hatimaye swali la dont, linalowashinda hata waliokwisha kuimudu que. "La femme dont l'enfant est malade" ni mwanamke ambaye mtoto wake ni mgonjwa. Kifaransa cha shule kinakataza "son" hapo, kwa kuwa dont imekwisha kuubeba umilikishi. Kiswahili kinaudai "wake", kwa kuwa ambaye haikuubeba. Mwanafunzi anayeandika "la femme que son enfant est malade" hupigiwa mstari mwekundu. Mwaka 1929 Henri Frei, katika kitabu chake kuhusu sarufi ya makosa, aliieleza miundo ya namna hiyohiyo kutoka vinywani mwa Wafaransa wasiosoma sana, akaiona kuwa ni kutenganisha kazi mbili ambazo kirejeshi kimoja kilizikusanya: que ikaunganisha, na kiwakilishi cha kawaida kikasimama mahali pa nomino. Ndizo kazi mbili za Port-Royal, zikiwa zimepewa maneno mawili. Na ndivyo Kiswahili kinavyofanya siku zote: "amba-" inaunganisha, "wake" inamiliki.