Neno Muhimu na Kiambishi: Historia Fupi ya Programu za Mazungumzo na Kiswahili cha Ngara na Biharamulo

Mnamo Januari 1966, Joseph Weizenbaum wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, alichapisha maelezo ya ELIZA, programu iliyoonekana kuzungumza na binadamu. Haikuelewa chochote. Ilisaka neno muhimu katika sentensi ya msemaji, kisha ikamrudishia sehemu ya sentensi hiyo baada ya kugeuza nafsi: "mimi" ikawa "wewe", "yangu" ikawa "yako". Mbinu hiyo ingali hai. NLTK, maktaba ya programu inayofahamika sana kwa wanafunzi wa isimu ya kompyuta, ina sehemu ya mazungumzo iliyojengwa kwa jozi za ruwaza na majibu, pamoja na orodha fupi ya viwakilishi vya kugeuzwa.

Orodha hiyo ilitungwa kwa Kiingereza, lugha ambayo nafsi husimama peke yake ikiwa na nafasi wazi kila upande. Kiswahili huipachika nafsi ndani ya kitenzi. Mgonjwa akiandika "mguu unaniuma", kanuni inayogeuza *u-* kuwa *ni-* na *-ni-* kuwa *-ku-* itamjibu "mguu ninakuuma", kana kwamba mashine ndiyo iliyomng'ata. *U-* hapa si nafsi ya pili. Ni upatanisho wa ngeli ya mguu, na hakuna orodha ya viwakilishi iwezayo kuujua bila kwanza kuijua nomino.

Huduma za ujumbe mfupi zilizoenea Tanzania hazikulitatua tatizo hili, zililikwepa. RapidSMS, mfumo uliobuniwa na UNICEF kwa lugha ya Python, hutoa kwa watunzi wa programu kipengele kinachotazama mwanzo wa ujumbe tu: neno muhimu likiwapo hapo, jibu hutoka. Mradi wa SMS for Life, uliojaribiwa mwaka 2009 na 2010 katika Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, uliwataka watumishi wa vituo 129 vya afya kutaja akiba ya dawa za malaria kwa alama na tarakimu. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012, iliwaomba wajawazito na walezi watume neno moja, "mtoto", kwenda 15001. (Jina la kampeni lenyewe lingeishinda ELIZA: *ni* ya mwanzo ni mtendewa, *ni* ya mwisho ni wingi wa wanaoamriwa.) Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ila ulimtwisha mtumaji mzigo wa mashine. Ni yeye aliyepaswa kuivua sentensi yake viambishi na kuliandika neno kama lilivyoandikwa katika tangazo.

Mzigo huo hauna uzito mmoja kila mahali. Ngara, mpakani mwa Rwanda na Burundi, wengi huanza na Kihangaza, ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, lugha ambazo *l* na *r* hazitofautishi maana. Biharamulo, pamoja na Kisubi na Kizinza, kuna wasemaji wengi wa Kisukuma, ambacho fonimu zake za asili zina *l* bila *r*. Hivyo neno "malaria" laweza kuandikwa "mararia" na mtu wa Ngara na "malalia" na jirani yake wa Biharamulo. Wote wawili wanaeleweka kwa muuguzi yeyote. Kwa programu inayolinganisha herufi, hakuna aliyesema kitu.

Kulegeza ulinganisho, ili neno litafutwe popote ndani ya ujumbe, huzaa kosa la upande wa pili. "Homa" imo ndani ya "nimechoma mahindi". Jina la wilaya yenyewe hunaswa katika "imengara" mara tu mwandishi anapoiacha alama ya *ng'*, jambo la kawaida kwenye simu ya vitufe.

Kuzichukua *l* na *r* kuwa herufi moja kabla ya kulinganisha kungewapokea waandishi wote wawili kwa mstari mmoja wa msimbo. Kungeunganisha pia "kula" na "kura", "mahali" na "mahari". Katika orodha ya maneno ya afya, hata hivyo, migongano ya namna hii ni michache, na mama anayeulizia dawa ya mtoto mwenye "mararia" hana haja ya kura wala mahari.