Kosa liko mstari gani?

Mwaka 1957 IBM ilipotoa lugha ya programu ya FORTRAN kwa kompyuta yake ya 704, kompaila, yaani programu inayoitafsiri lugha hiyo kwa mashine, haikueleza kosa. Ikikwama ilisimama na kutoa namba, na mwenye programu akaenda kuitafuta maana yake kwenye kitabu cha mwongozo.

Adha kubwa zaidi ilikuwa kusubiri. Programu ilitobolewa kwenye kadi, kila mstari kadi yake, bunda likakabidhiwa waendesha mashine, majibu yakarudi baada ya saa kadhaa au kesho yake. Koma moja iliyosahaulika ilikula siku nzima. Ndiyo maana vyuo vikuu, penye wanafunzi wengi na mashine moja, vilitangulia kutafuta dawa. Mwaka 1965 wanafunzi wanne wa shahada ya kwanza wa Waterloo, Kanada, waliandika WATFOR, kompaila ya FORTRAN yenye kasi na maelezo yanayoeleweka. Wataalamu wa Cornell, Marekani, wakavuka hapo: kompaila yao iitwayo PL/C ililisahihisha kosa yenyewe, ikachapa ilichobadilisha, ikaendelea na kazi. Ilibahatisha, na mara nyingine ilikosea, lakini mwanafunzi hakurudi nyumbani mikono mitupu.

Ajabu ni kwamba kumbukumbu za kompyuta zilipopanuka, ukali wa ujumbe wa makosa ulibaki. Katika C++ kosa dogo la template lingeweza kumwaga kurasa nzima za maandishi, na nadhani wapo wakongwe waliojivunia kuzisoma. Kompaila ya Clang, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2007, ilileta ustaarabu: ilichapa mstari wenyewe, ikaweka alama chini ya herufi husika, na jina likikosewa ikauliza kama ulikusudia lile jingine. Kompaila nyingine, GCC, ilianza kuonyesha mstari namna hiyo katika toleo la 4.8, mwaka 2013. Lugha ya Elm nayo ikazungumza kama mtu, na lugha ya Rust ikakiri kujifunza kutoka kwa Elm ilipobadilisha sura ya ujumbe wake mwaka 2016.

Lugha ya Python ilichelewa. Ukisahau kufunga mabano mstari wa 3, ilikuwa ikikulaumu kwa mstari wa 4, ambao hauna kosa lolote. Toleo la 3.9 lilileta kichanganuzi kipya cha msimbo mwaka 2020. Mwaka uliofuata, toleo la 3.10 likaanza kuonyesha bano lenyewe na kusema halikufungwa.