Upungufu wa damu na maradhi ya thairoidi: Uhusiano usiopaswa kupuuzwa

UPUNGUFU wa damu na maradhi ya tezi ya thairoidi hudhaniwa na wengi kuwa ni matatizo mawili yasiyohusiana. Hata hivyo, utafiti wa kitabibu umeonyesha kuwa moja linaweza kusababisha jingine, au kulizuia lisipone.

Thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iliyo mbele ya shingo. Hutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili, matumizi ya chakula mwilini na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Ili itengeneze homoni hizo, tezi huhitaji madini joto. Yakipungua, hutanuka na kuwa goita, yaani rovu.

Lakini madini joto peke yake hayatoshi. Kimeng'enya kinachoyatumia kutengeneza homoni hakifanyi kazi bila madini ya chuma, yaleyale yanayohitajika kutengeneza damu.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, wataalamu wakiongozwa na Michael Zimmermann waliwafuatilia watoto wenye goita nchini Ivory Coast. Wote walipewa mafuta yenye madini joto. Baada ya wiki 30, goita ilibaki kwa asilimia 12 tu ya watoto wenye damu ya kutosha, lakini kwa asilimia 64 ya wale wenye upungufu wa damu uliotokana na ukosefu wa chuma. Kundi hili la pili lilipopewa vidonge vya chuma, kiwango kilishuka hadi asilimia 20.

Kwa upande mwingine, tezi inapodhoofika, uboho hutengeneza chembe nyekundu za damu kwa kasi ndogo. Baadhi ya wanawake hupata hedhi nyingi kupita kawaida na hivyo kuzidi kupoteza damu. Aidha, baadhi ya wagonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi hushindwa pia kufyonza vitamini B12.

Ugumu uko katika dalili. Uchovu, kizunguzungu na kuhisi baridi huweza kutokana na tatizo lolote kati ya hayo mawili. Kwa sababu hiyo, mgonjwa ambaye damu haiongezeki licha ya kumeza vidonge anapaswa kumweleza daktari, hasa akiwa na ngozi kavu, choo kigumu, uzito unaoongezeka au uvimbe shingoni. Kipimo cha damu cha homoni za thairoidi huweza kuonyesha tatizo lilipo.

Tahadhari nyingine inahusu dawa. Vidonge vya chuma vikimezwa pamoja na levothairoksini, dawa ya tezi iliyodhoofika, huizuia isifyonzwe vizuri. Dawa hizo zinapaswa kupishana kwa muda usiopungua saa 4. Kwa mfano, ya tezi alfajiri kabla ya kula, na ya chuma mchana. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa wajawazito, ambao kwa kawaida hupewa chuma kliniki, kwani ubongo wa mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama, hasa katika miezi ya mwanzo.

Nyumbani, kinga huanzia jikoni: chumvi yenye madini joto ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, na mlo uwe na maini, nyama, samaki au maharage pamoja na matunda. Chai isinywewe wakati wa mlo, kwani hupunguza ufyonzwaji wa chuma.