Jina Moja, Mbu Wengi

Kazi ya kukusanya mbu huanza kwa kuinama. Kijana anayetumwa kuisomea wakati wa likizo hupewa kata na chupa, akaambiwa achote maji ya dimbwi taratibu, asije akawashtua viluwiluwi wakazama. Alfajiri huingia vyumbani na mrija, akawafyonza mmoja mmoja mbu walioshiba damu, wangali wametua ukutani. Jua likipanda hurejea maabarani, akainamia hadubini. Huko hufundishwa kusoma alama: anofelesi jike ana vigusio vya mdomoni vinavyokaribia urefu wa mrija wake wa kunyonyea, ilhali vya kuleksi ni vifupi.

Elimu hii ni changa. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, India, Ronald Ross alikuta vimelea vya malaria katika tumbo la mbu aliyemnyonya mgonjwa. Mgonjwa huyo, Husein Khan, alilipwa ana moja, yaani sehemu ya kumi na sita ya rupia, kwa kila mbu aliyemuuma. Ross alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Mwaka huohuo Giles alimpa mbu mkuu wa malaria wa Afrika jina la Anopheles gambiae, na Dönitz akamtaja mwingine wa pwani ya Afrika ya Mashariki, Anopheles merus. Chini ya hadubini wawili hawa walifanana mno, hata kwa miaka mingi wa pili akahesabiwa kuwa ni yule yule wa kwanza, ila amezoea chumvi. Maji ya bamvua yakirudi baharini huacha vidimbwi kandokando ya mikoko, na humo ndimo atagamo.

Muirhead-Thomson, aliyechapisha utafiti wake wa mwambao huu mwaka 1951, hakutosheka na kuuliza mbu hawa wanafanana vipi. Aliuliza wanavumilia nini. Viluwiluwi wachanga wa maji matamu walipotiwa katika maji ya chumvi nyingi walikufa. Wa maji ya chumvi waliishi. Katika miaka ya 1960 Davidson na Paterson waliwazalisha pamoja mbu wa mahali mbalimbali, wakaona madume wazaliwao ni tasa. Kumbe jina moja lilikuwa limefunika jamii kadhaa.

Jambo hili halikuishia vitabuni. Kampeni ya kuangamiza malaria Unguja na Pemba, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ilitegemea kupuliza DDT majumbani. Maradhi yalishuka sana; kampeni ilipositishwa mwaka 1968, yakarudi. Vyandarua vyenye dawa na upulizaji mpya ulioanza mwaka 2006 viliyashusha tena. Lakini dawa ya ukutani humwua mbu apendaye kutua ndani. Anopheles arabiensis, ndugu wa gambiae, huweza kumuuma mtu au ng'ombe uani, akapumzika nje bila kugusa ukuta. Gambiae alipopungua, huyu alibaki. Asiyewatofautisha atahesabu mbu wake na kudhani dawa imeshindwa, kumbe aliyeshindwa ni yeye, kwa kutomjua aliyesalia. Tangu mwaka 1993 iko njia ya kuwatambua kwa chembe za urithi, na mguu mmoja wa mbu hutosha.

Hata hivyo, maabara haijui ila kile kilicholetwa. Pemba imempa jina lake mbu mwingine, Aedes pembaensis, aliyeelezwa na Theobald mwaka 1901, ambaye huishi katika mashimo ya kaa. Mwaka 1957 ilichapishwa habari kwamba mayai yake yameonekana juu ya mwili wa kaa mwenyewe. Hilo halikuonekana ila kwa mtu kuingia matopeni, akamshika kaa na kumgeuza.

Kwa hiyo kijana wa likizo, akitoka mikokoni na chupa yake, hafungui hadubini kwanza. Hukaa chini akaandika kibandiko: mahali, tarehe, saa, na kama maji yalikuwa ya chumvi au matamu.