Kutibu Mzizi wa Jino: Hofu Iliyodumu Kuliko Maumivu Yake

"Ning'oe tu, daktari." Maneno haya husemwa kila siku katika kliniki za meno, na mara nyingi msemaji ndiyo kwanza ameambiwa kwamba jino lake linaweza kuokolewa. Amekesha siku tatu ameshika shavu, lakini akisikia habari ya kutibu mzizi huona afadhali jino liondoke kabisa. Huo si ujinga wala woga wa kitoto. Hofu hiyo ina historia ndefu, na kwa sehemu kubwa ya historia hiyo mwenye kuogopa alikuwa na haki ya kuogopa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mambo yaliyoizaa hofu hiyo yaliondoka moja baada ya jingine, na mengi kati yake yana mwaka unaojulikana. Hofu yenyewe ndiyo iliyobaki, ikarithiwa kwa masimulizi, na leo inamzuia mtu kupata nafuu ile ile anayoitafuta.

Tuanze na jino lenyewe. Ndani ya ule ugumu tunaouona mna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoteremka hadi ncha ya mzizi. Jino likitoboka na vijidudu vikafika humo, kiini huvimba kama nyama yoyote yenye jeraha. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka, lakini kiini cha jino kimezungukwa na ukuta usiotanuka hata kidogo. Ndiyo maana jino hupwita, tena zaidi usiku mtu akilala na damu ikamjaa kichwani. Kutibu mzizi ni kukitoa kiini hicho, kuusafisha mzizi na kuuziba. Wahenga wa Mesopotamia waliamini kuna mnyoo unaotafuna ndani, wakauandikia dua ya kuufukuza katika vigae vya udongo. Sisi nasi hadi leo twasema jino limeliwa na wadudu. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake kikubwa cha utabibu wa meno cha mwaka 1728, aliipinga habari ya mnyoo. Alieleza jinsi ya kulitoboa jino lenye usaha kwa sindano ili usaha upate njia, kisha kuweka pamba yenye mafuta ya karafuu au mdalasini. Wazo lilikuwa sahihi, ila mgonjwa wake hakuwa na ganzi ya aina yoyote.

Karne ya 19 iliongeza maarifa, na kwa muda iliongeza mateso pia. Mwaka 1836 Mmarekani Shearjashub Spooner alipendekeza aseniki, sumu kali, iwekwe ndani ya jino ili kukiua kiini. Sumu ilifanya kazi kwa siku kadhaa huku mgonjwa akigugumia nyumbani, na ikivuja iliunguza fizi na hata mfupa. Miaka miwili baadaye Edward Maynard, daktari wa meno wa Washington, alichonga kamani ya saa ikawa uzi wa chuma wa kuchokolea ndani ya mzizi. Mtu aliingizwa uzi huo akiwa macho, akihisi kila kitu. Anayeogopa leo, bila kujua, anamwogopea mgonjwa huyo wa mwaka 1838.

Ganzi nayo, ilipokuja, haikuja kwa usawa. Desemba 1844, mjini Hartford huko Marekani, Horace Wells alivuta gesi ya nitrasi oksaidi na kung'olewa jino bila maumivu. Miaka miwili baadaye William Morton alionyesha etha mjini Boston. Lakini dawa za kuvuta puani ziliifaa kazi ya dakika moja, na kutibu mzizi ni kazi ya saa nzima, ya utulivu na mikono ya taratibu. Hivyo kung'oa ndiko kulikopunguziwa maumivu kwanza, na kutibu mzizi kukaachwa nyuma kwa miaka arobaini. Katika kipindi hicho hicho mpira mgumu ulianza kutumika kutengenezea meno ya bandia ya bei nafuu, na watu wakang'olewa kinywa kizima. Naamini hapo ndipo uamuzi wa "ng'oa tu" ulipojijenga katika fikra za umma. Kwa wakati ule ulikuwa uamuzi wa busara.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1884. Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeni hulitia jicho ganzi, na muda mfupi baadaye William Halsted wa New York akaichoma karibu na mshipa wa fahamu wa taya, ukafa ganzi upande mzima. Kokeni ilikuwa na hatari zake, na Halsted mwenyewe alinaswa na uraibu wake. Kuanzia mwaka 1905 novokeini ya Mjerumani Alfred Einhorn iliondoa hatari hiyo. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Stockholm alitengeneza lidokeini, ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Dawa hiyo, ambayo wengine huiita lignokeini, hushika haraka, hudumu muda wa kutosha, na ndiyo inayochomwa katika kliniki nyingi hadi sasa. Ukitafuta mpaka kati ya zama za mateso na zama zetu, mpaka ni huo. Hadithi nyingi za kutisha zinazosimuliwa juu ya mizizi ya meno zilizaliwa upande wa pili wa mpaka huo.

Zana nyingine nazo zina tarehe zake. Mwaka 1864 Sanford Barnum wa New York alitoboa kipande chembamba cha mpira na kukivisha jino, ili mate yasiingie katika kazi. Januari 1896, wiki chache tu baada ya mwanafizikia Röntgen kutangaza miale yake, Otto Walkhoff wa Ujerumani alijipiga picha ya kwanza ya meno kwa eksrei, akakaa kimya dakika 25 mbele ya mashine. Leo picha hiyo huchukua chini ya sekunde moja, na daktari huona mzizi ulivyopinda badala ya kupapasa gizani. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walionyesha nyuzi za nikeli na titani zinazopinda pamoja na mzizi uliopinda bila kuutoboa.

Vitu viwili katika kazi hii vinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa vinagusa pwani yetu. Mzizi ukishasafishwa huzibwa kwa vijiti vyembamba vya rangi ya waridi vya gutapecha, utomvu wa miti ya Malaya, vilivyoanza kutumiwa na G. A. Bowman mwaka 1867. Ni utomvu ule ule uliofunika nyaya za telegrafu za chini ya bahari, ukiwamo ule waya uliounganisha Aden na Zanzibar mwaka 1879. Sababu moja ya kuuchagua ni kwamba maji hayaupenyi. Cha pili ni harufu. Ile harufu inayomkaribisha mtu mlangoni mwa kliniki ya meno, ambayo wengine ikiwafikia tu moyo huanza kwenda mbio, ni harufu ya karafuu. Eujenoli, dawa inayopatikana katika mafuta ya karafuu, huchanganywa na unga wa oksaidi ya zinki kupata saruji ya kuzibia meno. Mwishoni mwa karne ya 19, madaktari wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakiizoea saruji hiyo, sehemu kubwa ya karafuu ya dunia ilitoka Unguja na Pemba. Mtu wa pwani anayeshtushwa na harufu hiyo anashtushwa na kitu alichokulia nacho jikoni, ambacho bibi zake walikibana kwenye jino ili kulituliza.

Hofu ya pili ni ya aina tofauti, nayo inawasumbua hata wasioogopa sindano. Ni ile ya kwamba jino lililotolewa kiini ni maiti, na maiti mdomoni huusambazia mwili sumu. Wazo hili nalo lina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1910 William Hunter, daktari wa London, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, akishambulia kofia za kufunikia meno na madaraja ya dhahabu yaliyojengwa juu ya mizizi iliyojaa usaha. Kwa hilo alikuwa na hoja, kwani kazi nyingi za wakati ule zilikuwa chafu kweli. Lakini waliomfuata walivuka mpaka. Weston Price wa Cleveland alishona meno yaliyong'olewa chini ya ngozi za sungura, akaona sungura wanaugua, na mwaka 1923 akachapisha vitabu viwili vinene vya kulaumu kila jino lililotibiwa mzizi. Kwa zaidi ya miaka 20 meno yaling'olewa kwa maelfu ili kuponya baridi yabisi, moyo, figo, hata wazimu. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, daktari mkuu Henry Cotton aling'oa meno ya wagonjwa wake, na wasipopona akaendelea kuwakata viungo vya ndani. Wengi walikufa.

Nadharia hiyo ilipopimwa, ilianguka. Mwaka 1938 Russell Cecil na Murray Angevine walichambua wagonjwa 200 wa baridi yabisi na kuona kwamba kung'oa meno na kukata findo hakukuwasaidia. Uzito wa ushahidi huo ni kwamba Cecil mwenyewe hapo awali aliiunga mkono nadharia hiyo. Majaribio ya sungura nayo yalikuwa na kasoro kubwa. Jino likishapita katika kinywa wakati wa kung'olewa hubeba vijidudu vya kinywani, na kushona shehena hiyo chini ya ngozi ya mnyama mdogo kungemwuguza hata kama jino lilikuwa zima. Mwaka 1965 mtafiti Kakehashi na wenzake walitoboa meno ya panya waliolelewa bila kijidudu chochote, na vidonda vikajiponya. Panya wa kawaida waliofanyiwa vivyo hivyo walipata majipu. Basi kinachodhuru ni vijidudu, na kutibu mzizi ni kazi ya kuviondoa na kuvizibia njia ya kurudi. Jino lenyewe linabaki limeshikwa na mfupa na fizi zilizo hai.

Price huyo huyo alifika Afrika Mashariki mwaka 1935, akachunguza meno ya Wamasai, Wakikuyu na wengine, na aliyoandika juu ya chakula na kuoza kwa meno yamempa heshima kwa wasomaji wengi. Nadhani ndiyo sababu maandishi yake ya mizizi yanaendelea kusambaa simuni mwetu kama habari mpya. Mtu anaweza kuona vizuri katika jambo moja na kukosea katika jingine. Nasi tuna kielelezo chetu cha hatari ya kung'oa kwa hofu. Tangu miaka ya 1980 hapa Tanzania watoto wachanga wenye homa na kuhara wamekuwa wakikwanguliwa fizi ili kutoa "meno ya plastiki", na kinachotolewa ni vichipukizi vya meno ya kawaida kabisa. Ugonjwa halisi hubaki mwilini, na kidonda huongezeka.

Kuna atakayesema kwamba ndugu yake alitibiwa mzizi mwaka jana, si mwaka 1838, na aliumia. Namsadiki. Jino lililowaka sana, hasa la chini la nyuma, hukataa ganzi, kwa kuwa nyama yenye uvimbe huwa na tindikali inayoidhoofisha dawa. Hilo lina njia zake. Kuna sindano ya ziada pembeni ya jino, kuna kusubiri ganzi ishike barabara, kuna kutuliza uvimbe kwanza na kuendelea siku nyingine. Aliyeumia mara nyingi aliharakishwa, au alinyamaza akidhani kuumia ndiyo sehemu ya dawa. Tusisahau pia kutenganisha maumivu ya ugonjwa na ya tiba. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba kabla ya matibabu watu wapatao 81 kati ya 100 walikuwa na maumivu. Siku moja baada ya matibabu walibaki 40, na baada ya wiki moja walibaki 11, tena maumivu yao yakiwa hafifu.

Wapo wanaosema jino hilo halidumu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa meno zaidi ya milioni 1.4 yaliyotibiwa mizizi Marekani, na baada ya miaka minane 97 kati ya kila 100 yalikuwa bado kinywani. Ni kweli kwamba hao walikuwa watu wenye bima, na jino kuwapo si sawa na kupona kikamilifu. Pia meno mengi kati ya yale yaliyopotea hayakuwa yamevishwa kofia, nalo ni onyo kwamba jino la nyuma likishatibiwa lifunikwe, la sivyo laweza kupasuka.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni fedha. Kung'oa ni kazi ya mara moja na bei yake ni ndogo. Kutibu mzizi huweza kuchukua ziara mbili au tatu, na kofia ni gharama juu ya gharama. Sitamlaumu mzazi anayechagua ada ya shule mbele ya jino. Ila hesabu ya kung'oa haiishi siku ile. Meno ya jirani huinama kuelekea pengo, la upande wa pili hushuka au hupanda kulifuata, na jino la bandia nalo lina bei. Anayeng'oa kwa kukosa fedha ameamua akijua. Ninayemsikitikia ni yule mwenye uwezo aliyeamuliwa na hofu.

Ukiambiwa mzizi unatibika, muulize daktari wako atafanyaje ganzi ikikataa, jino litahitaji kofia au la, na jumla ya gharama hadi mwisho. Patana naye ishara ya mkono ya kumsimamisha, na uitumie. Ukikataa kutibu mzizi, basi ng'oa, lakini usilimezee dawa za kutuliza maumivu ukingoja linyamaze. Jino lililonyamaza huenda kiini chake kimekufa huku usaha ukiendelea chini. Uvimbe wa shavu ukianza kushuka shingoni, ukapata homa au ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.