Mfarishi wa Mafubira: Kumaliza Kazi Iliyoachwa Njiani

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Hata hivyo, ipo nguo moja ambayo karibu yote ni ya kuazima, na bado inasitiri vizuri. Nayo ni mfarishi, yaani shuka zito linaloshonwa kwa kuunganisha viraka vya nguo kuukuu, kisha likatiwa bitana upande wa chini na kupigwa mishono ya bandi ili tabaka zote zishikamane.

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia mfarishi mmoja ulioachwa bila kumalizwa katika nyumba moja ya Mafubira, kaskazini mwa mji wa Jinja. Ulikaa sandukuni kwa miaka mingi hata wenye nyumba wakasahau kwamba upo. Walipoutoa walikuta uso wa juu umeungwa karibu wote. Hauna bitana, hauna upindo, na katikati yake mna mapengo kadhaa yenye alama za uzi uliofumuliwa. Bibi aliyeushona amekwisha fariki. Binti yake mkubwa anataka ubaki kama ulivyo, maana mkono wa mama yake umo humo. Mjukuu wake anataka umalizwe ili amfunikie mtoto wake. Wakatuuliza sisi tunaonaje.

Sisi ni walimu wa lugha, si mafundi cherehani. Kwa hiyo tulianza na jambo tunaloliweza: tuliviuliza viraka majina yao. Ilidhihirika mara moja kwamba kila jina la kitambaa lina historia yake, na kwamba bila historia hiyo swali la familia haliwezi kujibiwa.

Kwanza tuseme kwamba kutia kiraka si jambo geni katika Busoga na Buganda. Kabla ya pamba, watu wa huku walivaa nguo ya gome la mti uitwao mutuba. Gome likipondwa kwa nyundo hutokea matundu, na fundi hukata sehemu iliyoharibika akashonea kipande kingine. Ufundi huo wa gome uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Hivyo hata nguo mpya kabisa ya gome ingeweza kuwa na viraka, na hakuna aliyeona aibu.

Viraka vikongwe zaidi katika mfarishi huu ni vya kitambaa kizito cha pamba, cheupe kilichogeuka rangi ya chai. Wenyewe wanakiita merikani. Jina hilo lilitoka Marekani kweli. Baada ya mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sultani wa Zanzibar mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem walileta pwani vitambaa vilivyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, na misafara ikavipeleka bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara hiyo, na nafasi ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay. Lakini jina halikuondoka. Neno lilidumu kuliko biashara iliyolizaa.

Pamba yenyewe ilianza kulimwa Uganda kama zao la biashara mwaka 1903, mbegu zilipoletwa na K. E. Borup wa Kampuni ya Uganda. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifika Namasagali kutoka Jinja, na kazi yake kubwa ilikuwa kusafirisha pamba. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Mkulima wa Busoga aliuza pamba, ikavuka bahari, ikafumwa huko, ikarudi dukani Jinja ikiwa nguo, naye akainunua. Kiraka cha merikani katika nyumba ya Mafubira kinaweza kuwa kimesafiri kuliko yeyote aliyekilalia.

Viraka vinavyofuata vina maua makubwa na rangi za kung'aa. Hivi ni vya gomesi, vazi la heshima la akina mama wa Uganda, linalohitaji karibu mita sita za kitambaa. Jina lake linahusishwa na fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes. Wengine huliita bodingi, neno linalotukumbusha shule za bweni. Gomesi haitupwi. Ikichakaa kwenye pindo, sehemu ya kifuani bado ni nzima, na hapo ndipo mwenye mfarishi alipopata mali yake.

Kisha kuna viraka vya rangi moja: kaki ya sare za shule, buluu, na kijani kibichi. Hivi wenyewe wanaviita Nytil. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954, na umeme wake ndio ulioendesha viwanda vya Jinja. Kiwanda cha Nyanza Textile Industries, Nytil kwa kifupi, kilijengwa Njeru, ng'ambo ya mto Nile, kwa ushirikiano wa Shirika la Maendeleo la Uganda na kampuni ya Calico Printers ya Manchester. Mjini Jinja kulikuwa na Mulco, na Mbale kulikuwa na African Textile Mill. Ile safari ndefu ya pamba sasa ilifupishwa: iliweza kulimwa Busoga, ikasokotwa na kufumwa Njeru, ikakatwa na kushonwa Mafubira.

Baada ya Nytil, mfarishi unanyamaza. Hakuna kiraka kingine. Yapo yale mapengo tu.

Hapa ndipo binti mkubwa alipotupa ushahidi ambao hakuna kitambaa kingeweza kuutoa. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka mengi ya Jinja yalikuwa ya Wahindi, na katika miaka iliyofuata bidhaa zilikuwa adimu: sukari, sabuni, chumvi, nguo. Neno letu la Kiswahili, magendo, likawa jina la uchumi mzima wa Uganda. Wakati huo, alisema, mama yake alikuwa akiutoa mfarishi sandukuni, akafumua kiraka kimoja, akakishonea kwenye kaptura ya mtoto anayekwenda shule. Alifanya hivyo mara kwa mara. Kisha akaukunja, na hakuurudia tena.

Kwa hiyo mapengo yale si uzembe wala kazi ya panya. Ni maandishi. Nguo zilizokuwa zimekuwa viraka vya mfarishi zilirudi kuwa viraka vya nguo, kwa sababu watoto walikuwa uchi na kitanda kingeweza kusubiri. Vitabu vya historia vinatueleza habari za mwaka 1972 kwa hesabu za maduka na pasipoti. Mfarishi huu unaeleza mwaka huo na ile iliyofuata kwa upande wa mama mwenye sindano, ambaye hakuandika hata mstari mmoja.

Sasa turudi kwenye swali. Wapo watakaosema kwamba kitu chenye ushahidi wa namna hii kisiguswe. Tunauheshimu msimamo huo, lakini hatuukubali wote. Kitambaa kisicho na bitana kinavutika na kuchanika kwa uzito wake chenyewe. Kukiacha ni kukiua polepole. Aidha, aliyeushona hakushona kumbukumbu. Alishona kifuniko cha watu wake.

Tulipotafuta mfano wa watu wenye mila ya kumaliza kazi kama hii, tulivuka bahari hadi Karnataka, India. Huko wanaishi Wasidi, ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wao Afrika Mashariki. Akina mama wa Kisidi hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu za familia. Huanza pembeni, wakazunguka kuelekea katikati, na mwishowe hutia katika pembe nne vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo maua. Kawandi isiyo na maua hayo husemwa kuwa iko uchi. Kwao, kumaliza si kuondoa alama za zamani. Ni kutia alama ya mwisho inayoonyesha kwamba mtu aliyehai aliishika kazi hii akaifikisha.

Ushauri tuliowapa wenyewe ni huu. Mapengo yasizibwe kwa mitumba yenye maua yanayofanana na yale ya zamani. Mitumba, ambayo Waganda huiita mivumba, ni sura nyingine ya historia ya nguo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni ifikapo 2019, na Uganda, Kenya na Tanzania zikarudi nyuma baada ya Marekani kutishia kuziondolea nafuu ya biashara. Inastahili nafasi yake, lakini pembeni, kwenye upindo, pamoja na nguo za kizazi hiki. Mapengo yazibwe kwa kitambaa kimoja tu, cheupe kisicho na ua, ili mtoto akiuliza kwa nini hapa ni peupe, apate jibu.

Uzi uwe wa pamba, si wa nailoni, kwa sababu uzi wenye nguvu kuliko kitambaa hukikata. Viraka vilivyolegea viwekewe kipande kipya kwa nyuma badala ya kuondolewa. Na kabla ya bitana kushonwa, binti mkubwa akae na mjukuu, waandike katika daftari kiraka kimoja kimoja: ilikuwa gomesi ya nani, sare ya nani, na kaptura ipi ilikopeshwa kiraka mwaka gani. Bitana ikishafunga, upande wa nyuma hautaonekana tena; na mama huyo naye ana umri mkubwa.

Binti mkubwa alikubali kwa sharti moja: mishono ya mama yake isifumuliwe hata pale ilipopinda. Tunaona sharti hilo ni la haki.

Wasomaji wetu, hasa wanafunzi mnaokwenda likizo Jinja, Mbale na kwingineko, fungueni masanduku ya nyumbani kwa ruhusa ya wenyewe. Ulizeni majina ya vitambaa na muyaandike yanavyotamkwa. Msamiati wa nguo unapotea upesi kuliko nguo zenyewe, na wanaoujua wanapungua kila mwaka.